Kodi umelipa, kufuli limewekwa: usilivunje

Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Tabata, Dar es Salaam. Kodi nililipa ya miezi sita kwa mpigo, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Mwezi wangu wa tatu humo, mama mwenye nyumba akapata mtu wa kulipa zaidi. Hakuniambia hivyo. Alianza na maji: bomba la uani likafungwa mnyororo. Ikafuata LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana mita ilikuwa kwake. Ikifika saa mbili usiku, giza upande wangu tu. Jumamosi moja natoka sokoni nakuta kufuli jipya mlangoni, bado lina kibandiko cha bei. Sare za mwanangu ziko ndani.

Jirani akaniletea nyundo. Namshukuru, ila nashukuru zaidi kwamba sikuipokea. Ukivunja, kesho mshtakiwa ni wewe: umeharibu mali ya watu, na sufuria ikipotea humo uani utaambiwa umeiba. Nilipiga picha kufuli, nikamwita mjumbe aje aone kwa macho yake, halafu nikaenda polisi kuchukua RB, namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Askari wa zamu akasema hayo ni madai, si jinai. Kuhusu kodi sikubishana naye. Nikamwambia aandike basi kwamba vitu vyangu vimefungiwa ndani bila ridhaa yangu. Akaandika, kwa kununa.

Kilichoniokoa hasa ni daftari. Mama hakuwahi kutoa risiti, lakini pesa niliyompa mkononi nilimsainisha kwenye daftari la shule, na nyingine niliituma kwa simu, ujumbe wa muamala sikuufuta. Jumatatu, ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji akalifungua, akamwuliza swali moja: "Mama, kodi yake inaisha lini?"

"Nyumba ni yangu."

Mtendaji akarudia swali lile lile. Jioni kufuli likatolewa.

Si kila mtendaji yuko hivyo. Wengine na wenye nyumba ni chanda na pete. Ukikwama hapo, nenda Baraza la Kata. Tangu sheria irekebishwe 2021 kazi yake ni kusuluhisha, haliamui kesi tena. Zikipita siku 30 bila suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko omba zuio, usitolewe kabla hujasikilizwa. Kama huna pesa ya wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kwa asiyejiweza huduma ni bure.

Hunikera mtu akisema mpangaji hana sheria. Iliyofutwa 2005 ni ile ya kudhibiti kodi, ndiyo maana mwenye nyumba hapangiwi bei. Sheria ya Ardhi ya 1999 ipo, nayo inamtaka amwache mpangaji anayelipa akae kwa utulivu muda wake wote. Hata wa mwezi kwa mwezi hatolewi bila notisi.

Na anayedaiwa je? Deni halimpi mtu ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa godoro mvuani. Ila tusidanganyane: kodi imeisha, huna kitu, halafu unamkwepa mwenye nyumba kwa kurudi saa sita usiku? Utaumia. Mfuate mwenyewe kabla hajakufuata, mwandikishane utalipa lini, mjumbe awe shahidi.

Miezi yangu mitatu iliyobaki niliimaliza, salamu zikiwa za kupita tu. Siku ya kuhama nikapiga picha kuta, mita na choo, nikakabidhi funguo mbele ya mjumbe, wote wakasaini kwenye lile daftari. Mama akanitazama.

"Sasa choo unakipiga picha ya nini?"