Stashahada au shahada ya ufundi: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza usome stashahada ya umeme au uingie shahada moja kwa moja, maana unataka kazi mapema. Kama lengo ni kushika zana, anza na stashahada. Mara nyingi huchukua miaka 2 hadi 3, shahada 3 hadi 4. Ila kabla ya kulipa ada, omba mtaala uhesabu saa za karakana kwa wiki. Kisha nenda karakanani siku ya kawaida, si siku ya maonyesho. Ukikuta wanafunzi 15 kwenye ubao mmoja wa kufungia swichi, ujue watatu wanaunga nyaya na waliobaki wanatazama, na kukaza skrubu hakufundishiki kwa macho.

Wengi hukwama baadaye, wanapotaka kujiendeleza: chuo kikuu kinakataa kuhesabu masomo yao kwa sababu hisabati ilikuwa nyepesi au kozi haina ithibati, yaani kibali rasmi kwamba inakidhi viwango. Ithibati iangalie kwenye orodha ya mamlaka yenyewe inayosimamia vyuo, usitegemee kipeperushi, tena iwe ya kozi yako. Chuo kusajiliwa tu hakutoshi. Mafunzo kazini nayo, uliza mapema: chuo kinakutafutia nafasi, au unajitafutia?