Gadi ya friji haizuii radi, anza na ethi

Mkuu wa Karagwe uliyeuliza imekuwaje radi ya juzi imekula TV na king'amuzi wakati vyote vilikuwa kwenye gadi, na sasa unaambiwa ununue gadi kubwa zaidi, tafadhali usinunue kwanza. Mimi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Bukoba, Muleba na huko kwenu, na vuli ikianza simu ninazopigiwa ni za hivyo hivyo. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, kwahiyo hii ishu inabidi tuijue wenyewe.

Hiyo gadi kazi yake ni voteji ya kupanda na kushuka. Umeme ukishuka sana au ukizidi inakata, ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndo inaachia, ili kompresa ya friji isiumie. Ni kitu kizuri na nyumba yenye friji isikose. Ila kinachokata mle ndani ni rilei, yaani swichi inayofunguka yenyewe kwa sumaku, na rilei inatumia milisekunde kadhaa kufunguka, wakati radi inafika kileleni ndani ya mikrosekunde chache tu, yaani rilei inakuja kushtuka mambo yameshaisha kitambo. Na hata kama ingekuwa imeshafunguka, ule mwanya mdogo wa kontakti zake radi inauruka bila shida.

Sasa fanya hivi, fungua hicho king'amuzi uangalie ni wapi pameungua. Mimi mara nyingi nikifungua nakuta pawa saplai nzima kabisa, fyuzi haijakatika, lakini pale waya wa dishi unapoingia pana weusi na njia za shaba kwenye bodi zimebanduka, afu ukifuatilia unakuta na tundu la HDMI limekufa, na TV nayo imekufia kwenye HDMI hiyo hiyo. Ukiona hivyo jua radi haikupita kwenye nguzo wala kwenye soketi, ilipita kwenye waya wa dishi, na gadi ilikuwa imekaa upande mwingine inalinda mlango ambao mwizi hakuutumia.

Na sio lazima radi ipige nyumba yako. Ikipiga mti huko mbali kidogo, ardhi yenyewe inapanda voteji, na inapanda tofauti kila sehemu. Dishi lako limefungwa kwenye bomba lililochimbiwa nyuma ya nyumba, ethi ya mita, yaani waya na rodi ya kupeleka umeme ardhini, iko mbele, sasa kwa ule muda mfupi kati ya hizo sehemu mbili kunakuwa na tofauti ya maelfu ya voti, na kitu pekee kinachounganisha nyuma na mbele ni king'amuzi na TV yako. Moto wote unapita hapo. Ndo maana mtu ana ethi rodi mbili tatu nzuri kabisa na bado vitu vinaungua, kwasababu kila rodi inajitegemea.

Kwahiyo dawa ya kwanza ni kuunganisha. Bomba la dishi, bati kama ndo limeshika dishi, fremu za sola kama unazo, mtego wa radi kama upo, vyote vivutiwe waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hadi kwenye ethi ile ile moja ya mita. Waya wa dishi ukiingia ndani upitie karibu na meni switchi, na ule wavu wake wa nje ufungwe kwenye ethi hapo kabla haujaenda sebuleni. Na rodi iwe ya shaba au iliyopakwa shaba, izame yote. Kuna mafundi wanachomeka kipande cha nondo wanafukia, kutu inaila na kiangazi ardhi ikikauka hakuna ethi tena. Mkaa na chumvi vinasaidia mwanzoni, ila chumvi mvua inaiondoa na inaila rodi, bora uongeze rodi ya pili ukaziunganisha.

Hapo ndo unakuja kwenye kifaa chenyewe cha kumwaga voteji ya radi kwenye ethi, kinaitwa SPD, kinapachikwa kwenye meni switchi kama breka. Nunua Type 2, yenye 20kA (ampia elfu ishirini) na kilele cha 40kA, na kama nyumba ina mtego wa radi juu au laini ya umeme inakuja wazi hewani inataka Type 1+2. Kwetu kila nyumba ina ethi yake, kwahiyo chukua ya 1P+N, yaani fezi moja na nyutro, au 3P+N kama una fezi tatu. Angalia na Uc, yaani voteji ya juu inayoweza kuivumilia muda wote, nyingi ni 275V, mimi huku kwetu napendelea 320V au 385V maana voteji yetu ikizidi ile ya 275 inaungua bure. Kama una ile breka ya kukata umeme ukivuja, yenye kitufe cha T, SPD ikae kabla yake. Na nyaya zake ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita, hili mafundi wengi wanalidharau, wanazungusha waya vizuri upendeze kumbe kila mita moja inaweza kuongeza voti elfu moja hivi ambazo zinaenda kwenye TV. Ina kidirisha, kikitoka kijani kikawa chekundu imeshajitoa sadaka, badilisha.

Pia sio kila kuungua ni radi. Taa zikiwaka kali kupita kawaida na kwa jirani zimefifia, hiyo ni nyutro imelegea au imekatika, nyumba ya 230 inaweza kupata hadi karibu 400. Zima meni upige simu ya dharura, hapo SPD haikusaidii, gadi ndo inaweza kukuokoa.

Kuchomoa bado kunabaki, ila chomoa mapema na uchomoe waya wa dishi pia. Ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka mngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde zikishafika thelathini kwenda chini acha, usishike waya wowote, TV inanunulika.

Fundi akija muulize ethi inasoma omu ngapi (omu ni kipimo cha ukinzani) na akupimie ukiwa unaona, tunataka 10 kushuka chini. Akisema anajaribu kwa taa, taa inawaka vizuri tu hata kwenye ethi ya omu mia, tafuta mwenye mashine ya kupimia ethi.