Replika ya Cobra gereji ya nyumbani: liendeshe likiwa uchi kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mtu ambaye hajawahi kufanya zaidi ya kumwaga oili na kubadilisha pedi za breki anaweza kuunga replika ya Cobra, yaani nakala ya lile gari la michezo, nyumbani akifanya kazi wikendi tu, na kama ni kweli kazi inaisha kwa saa 300. La kwanza, ndiyo, unaweza. La pili, hizo saa 300 ni za mtu ambaye kila boksi limefika, kila bolti inakaa penye tundu lake, na hakuna anayemwita ndani. Mimi nilimaliza baada ya miaka miwili na miezi minne ya Jumamosi, na uvivu sikuwa nao.

Nianze na gari lenyewe, maana nusu ya shida zangu zilitoka hapo. Cobra halisi ilizaliwa mwaka 1962, Carroll Shelby wa Marekani alipochukua kigari chepesi cha Uingereza, AC Ace, akakitia injini ya Ford V8, yaani ya silinda nane. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, na zilitoka kama elfu moja tu. Ndiyo maana karibu kila Cobra unayoiona barabarani leo imeungwa na mtu: chesisi ya mabomba ya chuma na bodi ya faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Shika hilo neno faiba, tutalirudia.

Seti ya vipande vya kuungia gari ikifika, usishike spana. Hesabu kwanza. Mimi nilikaa siku mbili na orodha na kalamu, nikakuta mabano ya stelingi hayamo. Ningegundua mwezi wa nane, nani angeniamini? Na bolti za inchi na za milimita usizichanganye kopo moja. Ya nusu inchi na ya milimita 13 zinafanana kiasi cha kukufanya uharibu vichwa vyake ukiwa unajisifu.

Sasa ukinibana nikupe neno moja tu, ni hili: usilivalishe gari bodi kabla hujaliendesha. Chesisi ikishakuwa na injini, gia boksi, difu, breki, stelingi, kiti na rejeta, tayari ni gari. Litoe nje, liwashe, lizungushe uwanjani polepole likiwa mifupa mitupu. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu bodi ndiyo iliyowafanya wanunue seti, na inawatazama pale pembeni kila siku. Na mimi ilinitazama. Nilivumilia.

Nilipowasha mara ya kwanza, injini ilikohoa, ikatema moto kupitia karbureta, nyusi zangu zikanusurika kidogo. Nilikagua mafuta, nikakagua plagi, nikazungusha distribyuta mpaka mkono ukachoka. Kosa lilikuwa kwenye waya za plagi. Injini yangu ni Ford ya lita 5.0 aina ya HO, yaani ile ya nguvu zaidi, nami nilizipanga kwa utaratibu wa silinda kuwaka wa Ford 302 za zamani, yaani 1-5-4-2-6-3-7-8. HO inawaka kwa mpangilio wa injini nyingine ya Ford, 351: 1-3-7-2-6-5-4-8. Kwa nje blok ni ileile, kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, ndiyo tofauti. Nilihamisha waya nne, nikageuza ufunguo, ikanguruma hata majirani wakatoka. Kwa hiyo usiulize mtu “302 inapangwaje”. Uliza kamshafti iliyomo ni ipi.

Siku hiyohiyo pedali ya breki ilizama taratibu chini ya mguu. Bomba la nyuma lilikuwa linatoa jasho kwenye maungio, kwa sababu mdomo wa bomba nilioukunja mwenyewe ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele. Nilikata, nikakunja upya mara mbili inavyotakiwa, nikatoa hewa kwenye breki za magurudumu yote. Saa moja, kazi imekwisha, kwa sababu mkono ulifika popote. Bodi ingekuwa juu, ningelala chini ya gari siku nzima nikitukana.

Taa ndizo zilinionyesha upande wa pili wa shilingi, maana zinafungwa kwenye bodi na huwezi kuzijaribu mapema. Nilikanyaga breki, indiketa za nyuma zikawaka kwa mwanga hafifu kama kibatari. Niliwasha indiketa ya kushoto, taa za kuegesha nazo zikaanza kukonyeza. Wiki mbili nzima! Nilibadilisha fyuzi, nikabadilisha swichi, nikafungua upya nusu ya nyaya. Kumbe ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwenye gari la bati, taa inajirudishia umeme kupitia bodi yenyewe. Faiba haipitishi umeme, na umeme ukikosa njia ya kurudi hupita uchochoroni, kwenye balbu ya jirani. Kila taa ipelekee waya wake wa ethi hadi kwenye chesisi, na pale kwenye chesisi ikwangue rangi mpaka uone chuma. Geji ya mafuta ikicheza cheza, nayo anza kuichunguza hapohapo kwenye ethi.

Kwenye rangi sina mengi. Mistari iliyoachwa na maungio ya kalibu ya bodi isugue kwa msasa mpaka uichukie, kisha mwachie mpuliza rangi anayeijua faiba. Niliokoa kidogo kwa kujaribu mwenyewe, na bado naona mawimbi kwenye bawa la kulia jua likiwa la jioni. Mke wangu anasema hayaonekani. Ananipenda tu.

Risiti zote na picha za kila hatua ziweke. Kusajili gari lililoundwa nyumbani kunaweza kukutaka uthibitishe kila kipande kilikotoka. Uingereza, kwa mfano, kuna ukaguzi wa gari mojamoja uitwao IVA, na wanaangalia hadi ncha kali za nje ya bodi. Soma masharti ya kwako kabla hujatoboa tundu la kwanza, siyo baada.

Na kila bolti ukishaikaza kwa toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, itie doa la rangi hapohapo. Baada ya mwezi hutakumbuka ipi umeikaza na ipi umeishika kwa mkono tu.

La mwisho, kama seti yako ina ekzosi za pembeni: zinapita chini kabisa ya mlango, na ukishuka, shavu la mguu ndilo linalozigusa kwanza. Langu la kushoto lina kovu la urefu wa kidole. Vaa suruali ndefu, na ukinunua injini niandikie namba zake tuangalie kamshafti pamoja.