Kuwapeleka watoto Amani mwezi wa Aprili

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto kwenye msitu wa hifadhi wa Amani kutoka Tanga mjini mwezi wa Aprili ili wakaone tembo. Tembo hamtawakuta, kwa kuwa utajiri wa msitu huo wa Usambara Mashariki hauko kwenye wanyama wakubwa, bali kwa mbega, vyura, kinyonga dume mwenye pembe tatu na yale maua madogo ya zambarau yaliyopelekwa Ujerumani kutoka Tanga miaka ya 1890, ambayo leo hupandwa vyunguni duniani kote. Kwangu mimi hayo yanatosha kabisa. Aprili ni masika na barabara ya kupanda kutoka Muheza huteleza, hivyo nakusihi usubiri Julai. Mchukue mwongoza wageni, mlale huko, kwani vinyonga hutambulika kwa urahisi zaidi usiku, kwa tochi.