Kwa mwalimu anayeanza kusoma na vijana kumbukumbu za manusura wa Maangamizi ya Wayahudi

Mwalimu mwenzangu, usihangaike sana na swali la kama vijana watalia darasani. Wengi hawalii. Shida huja mwishoni: wanafunga kitabu wakisema mwandishi alipona kwa sababu alikuwa jasiri na hakukata tamaa. Wameisema kwa nia njema, lakini ukiikubali kauli hiyo, umewafanya Wayahudi milioni 6 waliouawa waonekane watu waliozembea kuishi.

Mimi huwasomesha sambamba Elie Wiesel na Primo Levi, manusura wawili walioandika kumbukumbu zao. Wote wawili walikuwa Monowitz, kambi ya kazi iliyokuwa sehemu ya Auschwitz, kambi kubwa ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Januari 1945, jeshi la Kisovieti lilipokaribia, Wanazi waliwaswaga wafungwa kwa miguu kwenye theluji kuelekea magharibi. Levi alikuwa amelazwa kwa homa ya kuambukiza. Wiesel, kijana wa miaka 16, alikuwa ametoka kupasuliwa mguu. Wiesel na baba yake walihofia kwamba wagonjwa watauawa, wakaamua kuondoka. Baba yake alifia Buchenwald, kambi iliyokuwa Ujerumani. Levi alibaki kitandani, akakombolewa tarehe 27 mwezi huohuo. Rafiki yake mkubwa, Alberto, ambaye alikuwa na nguvu zake, aliondoka na msafara na hakurudi.

Sasa waulize: nani aliamua vizuri? Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, na utatamani kukijaza. Jizuie. Levi mwenyewe aliandika baadaye kwamba walionusurika si mashahidi kamili, kwa kuwa waliofika chini kabisa hawakurudi kusimulia. Ukiwasomea maneno hayo baada ya mjadala yanaingia. Ukiyatanguliza yanapita tu.

Kuna swali litakalokuja hata usipoliita: mbona hawakukimbia? Usilijibu kwa hotuba, chora tarehe ubaoni. Ujerumani iliingia Hungaria Machi 1944. Kufikia Mei familia ya Wiesel, huko Sighet, mji uliokuwa chini ya Hungaria wakati huo, ilikuwa imevalishwa nyota ya njano, imefungiwa katika mtaa wa Wayahudi, na imepakiwa kwenye behewa la mizigo. Hadi mapema Julai, Wayahudi zaidi ya 400,000 walikuwa wamesafirishwa kutoka nchi hiyo, wengi wao hadi Auschwitz. Wakiona miezi yenyewe ilivyobanana, swali hubadilika.

Mwingine atakuletea riwaya ya John Boyne ya mvulana na pajama za milia. Ni hadithi ya kubuni, na mwaka 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalishauri wanaosoma au kufundisha historia hii waiepuke. Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni, naye hakunusurika: alifia katika kambi ya Bergen-Belsen, na shajara yake ilichapishwa 1947 kwa juhudi za baba yake. Wengi humchanganya na manusura.

Usiwaigizishe kambi. Kuna walimu wanaowapanga watoto mistari miwili, hawa kushoto, hawa kulia, kama Wanazi walivyowatenga wa kuuawa na wa kufanya kazi. Mimi naona huo ni mchezo tu, na hawajifunzi lolote humo.

Halafu ratiba. Kurasa za kifo cha baba yake Wiesel usiziweke kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Ziweke Jumanne asubuhi, na uwe bado shuleni hadi jioni, maana atakayetaka kuzungumza hatanyoosha mkono darasani.