Yule kinda mwanzoni mwa Vivarium
Uliuliza yule kinda anayeonekana mwanzoni mwa filamu ya Vivarium ni wa ndege gani. Ni kekeo, kaka. Ndege huyu hulelewa na wengine: mama hutaga kwenye kiota kisicho chake, na kinda likianguliwa linasukuma nje mayai na makinda ya mwenye kiota, lilishwe peke yake. Ndiyo maana Lorcan Finnegan kaanza nalo filamu yake ya 2019. Wale wapenzi wawili waliopotelea mtaa wa nyumba za kijani wanaletewa ndani ya boksi mtoto wasiyemzaa, wamlee. Ila fumbo lenyewe ukishaling'amua pale mwanzoni, kinachobaki ni Jesse Eisenberg kuchimba shimo. Nusu saa ya kwanza inatisha kweli. Baadaye, kwenye kibanda chetu cha video Ujiji, watu walianza kuomba wawekewe mpira.

Na sisi wa Kigoma tunaye kekeo wetu majini. Ziwa Tanganyika lina samaki mdogo wa jamii ya kambare, ana madoadoa, anayechomeka mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia mdomoni. Vitoto vyake huanguliwa mapema, vikawala watoto wa mwenye kinywa mlemle ndani. Hiyo ningeilipia kiingilio mara mbili.