Kagua leseni kabla maktaba haijaingia kwenye programu ya kuuza

Katika kazi yangu ya kutengeneza programu za kuuza, ambazo mteja hapewi msimbo wake (maandishi ya programu), nimejizoeza kufungua faili ya LICENSE, yenye masharti ya matumizi, kabla ya kusoma maelekezo ya maktaba yoyote huria, yaani msimbo ulioandikwa na wengine na kutolewa wazi ili utumike ndani ya programu nyingine. Nawasihi wasanidi wenzangu wafanye hivyo mapema, kwa kuwa maktaba ikishategemewa na sehemu nyingine za mfumo, kuing'oa ni kazi kubwa, na swali la leseni mara nyingi huibuka pale mwanasheria wa mteja anapopitia mkataba.

Leseni za MIT na BSD hazina ugumu: tamko la hakimiliki na maneno ya leseni yaambatane na bidhaa, basi. GPL ni nzito zaidi, kwani ukisambaza programu iliyounganishwa na maktaba yake, unawajibika kuitoa programu nzima kwa leseni hiyohiyo pamoja na msimbo wake. Jambo hili si la nadharia: Februari 2024, Mahakama ya Rufani ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange kuilipa kampuni ya programu ya Entr'ouvert fidia ya zaidi ya yuro 500,000 kwa kukiuka GPL ya maktaba yake ya Lasso, katika shauri lililoanza mwaka 2011.

Panapohitaji umakini zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye LGPL, leseni nyepesi kuliko GPL inayokuruhusu kutumia maktaba bila kutoa msimbo wa programu yako, mradi utimize masharti yake, na mfano mzuri ni FFmpeg, inayotumika sana kwa video. Kwa kawaida iko chini ya LGPL 2.1, lakini aliyeikompaili (aliyegeuza msimbo wake kuwa faili ya kuendeshwa) akiweka chaguo la --enable-gpl ili apate x264, maktaba ya kubana video, inakuwa ya GPL. Akiweka --enable-nonfree, hairuhusiwi kusambazwa kabisa. Kwa hiyo usiridhike na kilichoandikwa kwenye tovuti. Endesha ffmpeg -version, kisha usome mstari wa configuration, unaoorodhesha chaguo hizo, wa faili ileile utakayomkabidhi mteja.

Ikiwa ni ya LGPL, iache katika faili zake za .so au .dll, zilizo kando ya programu yako, ili mtumiaji aweze kuweka toleo alilolirekebisha mwenyewe, toa msimbo wa toleo hasa la maktaba unalosambaza, na uhakikishe mkataba wako haumkatazi kuchunguza programu kwa ajili ya marekebisho hayo; kifungu cha kumkataza hunakiliwa ovyo kutoka mikataba mingine. Na kama x264 haiepukiki, inauzwa pia kwa leseni ya kibiashara, hivyo gharama yake iingizwe kwenye bei kabla hujampelekea mteja makadirio.